Binti Anapoomba Viatu vya Mpira

Mama wa Bukoba au Muleba, binti yako akichaguliwa kwenda UMISSETA, unampa nauli au jembe la kupalilia migomba? Aisha Masaka, mzaliwa wa Singida, alilelewa kisoka Alliance ya Mwanza, ng'ambo tu ya ziwa letu. Akaenda Yanga Princess. Mwaka 2022 akachezea BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Mpira ukawa kazi yake. Sisi kina mama twaogopa kaptura na maneno ya watu (nami niliogopa). Lakini Alliance ni shule, kuna daftari na mpira pia. Kabla ya kukataa, mwulize mwalimu: ni mama gani atakayelala na wasichana safarini?