Kibarua na Karatasi Yake

Hapa Rwamgasa dhahabu ikipatikana, nyumba za udongo huvunjwa, za tofali zikasimamishwa. Ndipo vijana waliochoka na maduara hutafuta kazi ya saidia fundi. Tumewaona wakichota maji, wakichanganya mchanga, kokoto na saruji kwa chepe, kisha wakipandisha zege kwa ndoo na karai. Zege halingoji, likichanganywa sharti limwagwe kabla halijaganda.

Lakini ujira wao hungojeshwa. Kijana mmoja, jirani yetu, alifanya kazi siku 6. Siku ya malipo mwenye nyumba akamhesabia 4. Hapakuwa na maandiko wala shahidi, naye akanyamaza.

Jina lenyewe latufundisha. Kibarua ni barua ndogo: zamani huko pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kupokelea ujira. Huku bara, enzi za Wajerumani na Waingereza, kipande kilitiwa alama kila siku hata zitimie 30. Kipande kilikuwa nira pia, wala hatukitamani. Ila siku zilionekana kwa macho. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaagiza ujira ulipwe mahali pa kazi, siku iliyopatanwa.

Basi, wenye kujenga, lipeni kwa hesabu iliyoandikwa. Nanyi walimu, wafundisheni vijana kushika daftari: tarehe, kazi, ujira uliopatanwa, na sahihi ya mwenye nyumba kila jioni.