Je, Wajua? Riwaya ya Taharuki Iliyoifikisha Familia Mahakama ya Juu

Je, wajua kwamba mojawapo ya riwaya za taharuki zilizovuma sana Marekani katika miaka ya 1950 haina jasusi, haina hazina iliyofichwa, wala haimpeleki msomaji nchi za mbali? Ni The Desperate Hours ya Joseph Hayes, iliyochapishwa mwaka 1954. Mji ni Indianapolis. Nyumba ni ya Dan Hilliard, mfanyakazi wa duka kubwa, anayeishi na mkewe Eleanor, binti yao Cindy ambaye tayari ana kazi yake, na mwana wao mdogo Ralphie. Siku moja wanaingia wafungwa watatu waliotoroka jela: Glenn Griffin, mdogo wake Hal, na jitu moja katili liitwalo Robish. Wanasubiri fedha. Hadi fedha zifike, amri yao ni moja: familia iendelee kuishi kama kawaida ili majirani wasishuku.

Amri hiyo ndiyo inayokibeba kitabu kizima. Mwandishi mwingine angewafunga kamba na kuwaziba midomo. Hayes anawatuma kazini. Dan anaamka, anavaa, anatoka, anasalimiana na watu, anafanya kazi yake, huku nyumbani mkewe na mwanawe wakiwa mbele ya mtutu wa bastola. Simu iko karibu naye. Polisi wako karibu naye. Lakini akiwaita, watakuja na silaha, na Griffin ameapa kwamba hao wa ndani ndio watakaotangulia kufa. Kila saa inayopita, msomaji anajiuliza swali lile lile: mimi ningefanya nini?

Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tumezoea kwamba maji yakizidi unga, atatokea mtu mwenye mbinu na shabaha. Hapa hatokei. Yupo askari anayewasaka wafungwa hao usiku na mchana, tena kwa bidii, ila kila anapoikaribia nyumba hatari inazidi. Wokovu wa familia uko mikononi mwa baba wa kawaida tu, na hofu yake imeandikwa kwa heshima kubwa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika riwaya za aina hii, na wachache wamekiweza kama Hayes.

Je, wajua kwamba katika filamu ya mwaka 1955, iliyoongozwa na William Wyler, nyumba hiyo inachaguliwa kwa sababu ya baiskeli ya mtoto iliyoachwa nje? Majambazi wanaiona na kupiga hesabu: penye mtoto mdogo, wazazi hawatathubutu kuleta ubishi.

Kabla ya filamu, Hayes alikuwa ameigeuza riwaya yake kuwa mchezo wa jukwaani. Ulifunguliwa Broadway, New York, Februari 1955, na mwaka huo huo ukapata Tuzo ya Tony ya mchezo bora. Aliyeigiza Griffin jukwaani alikuwa kijana aitwaye Paul Newman, ambaye alikuwa bado hajawa nyota wa sinema. Kwenye filamu nafasi hiyo ikaenda kwa Humphrey Bogart, mtu wa miaka 55. Spencer Tracy alitakiwa acheze baba, lakini yeye na Bogart hawakuafikiana jina la nani litangulie kwenye mabango, basi akaingia Fredric March. Wapenzi wa filamu za Kihindi nao wana toleo lao, 36 Ghante la mwaka 1974, lenye Raaj Kumar na Sunil Dutt. Hollywood ikairudia tena mwaka 1990, safari hii na Mickey Rourke na Anthony Hopkins.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasomaji wengi wa kitabu hiki hawalijui. Mnamo Septemba 1952, miaka miwili kabla ya riwaya kutoka, wafungwa watatu waliotoroka jela waliivamia nyumba ya familia ya Hill, baba, mama na watoto watano, huko Whitemarsh, Pennsylvania. Waliishikilia familia hiyo kwa saa 19, kisha wakaondoka bila kumdhuru yeyote. Baba aliwaambia waandishi wa habari kwamba walitendewa kwa adabu. Baadaye polisi waliwaua wawili kati ya wafungwa hao. Familia ilikataa kufanywa gumzo, ikahamia Connecticut.

Hayes alichochewa na visa vya aina hiyo, kikiwemo hiki, na akatunga vyake. Katika riwaya baba na mwana wanapigwa, na binti anatukanwa matusi ya aibu. Hiyo ni haki ya mtunzi, naye alibadili majina na mji. Tatizo lilikuja Februari 1955, jarida la Life lilipowachukua waigizaji wa mchezo hadi kwenye nyumba ile ile ya Whitemarsh ambamo familia iliwahi kuishi, likawapiga picha wakiigiza vurugu: mtoto anasukwasukwa, binti anamng'ata jambazi mkono. Makala ikaeleza kwamba mchezo huo ni kisa cha familia hiyo, na jina lao likatajwa.

Baba akafungua kesi New York. Baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya dola 75,000. Baada ya rufani ikashuka hadi dola 30,000. Wachapishaji wa Life, Time, Inc., wakakata rufani zaidi, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Je, wajua wakili aliyesimama kuitetea familia hiyo mwaka 1966 alikuwa nani? Richard Nixon. Alikuwa ameshindwa urais mwaka 1960 na ugavana wa California mwaka 1962, na sasa alifanya kazi ya uwakili New York. Kesi ilisikilizwa mara mbili. Baada ya mara ya kwanza majaji wengi walielekea upande wa familia, na Jaji Abe Fortas akaandika rasimu ya kuipa ushindi. Iliposikilizwa tena, mizani ikageuka. Januari 9, 1967 mahakama iliamua kwamba katika habari zenye maslahi kwa umma, mlalamikaji lazima athibitishe kuwa mchapishaji alijua anaandika uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo au kweli. Nixon akashindwa. Miaka miwili baadaye aliapishwa kuwa Rais wa Marekani.

Ninaelewa kwa nini majaji waliogopa kuvibana vyombo vya habari, na bado naona familia ile haikutendewa haki. Ukikipata kitabu cha Hayes, kisome kabla ya kuitazama filamu. Kisha itafute hukumu ya kesi hiyo, Time, Inc. v. Hill, ambayo iko wazi kwa kila mtu, uyasome na maoni ya Jaji Fortas aliyepinga uamuzi wa wenzake.