Dawa Moja, Miili Mbalimbali

Kaunti ya Mandera, ambamo imo Banissa, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazosumbuliwa na kalaazar. Ugonjwa huu huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, apendaye nyufa za vichuguu. Mtoto hushikwa na homa isiyokwisha, hukonda, na wengu humvimba tumboni. Asiyetibiwa kwa kawaida hufa.

Swali tunalotaka wasomaji wetu walitafakari ni hili: dawa za maradhi haya zilijaribiwa kwa nani?

Matokeo yaliyotangazwa India mwaka 2007 yalionyesha kuwa sindano za paromomaisini, kwa siku 21, ziliponya takriban wagonjwa 95 katika kila 100. Kipimo kilekile kilipojaribiwa Sudan, Ethiopia na Kenya, walipona wapatao 64 tu. Katika kituo kimoja cha Sudan hawakufika hata 15. Lau ushahidi wa India ungetosheleza, ni wangapi wetu wangerudishwa nyumbani wakidhaniwa wamepona? Wataalamu wanatazama aina ya vimelea, lishe, na jinsi mwili unavyoitumia dawa, wala si rangi ya ngozi.

Mtandao wa LEAP, ulioundwa Khartoum mwaka 2003, ukaichanganya dawa hiyo na stibogluconeti. Wakapona takriban 91 kwa 100, tena kwa siku 17 badala ya 30, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza mchanganyiko huo kwa Afrika Mashariki.

Nchini Kenya, baadhi ya majaribio ya dawa za kalaazar yamefanyika Kimalel, Baringo, na Kacheliba, Pokot Magharibi. Ni mbali mno na Banissa. Wajawazito na wanaonyonyesha nao huachwa nje, kwa kumhofia mtoto. Hofu hiyo ni ya haki; lakini mjamzito naye huumwa na usubi, na daktari atamtibu kwa ushahidi wa nani?

Kufikisha utafiti Mandera si kupeleka karatasi za Kiingereza zikapigwe dole gumba. Mama anayeombwa damu ya mwanawe ana haki ya kuelezwa kwa Kisomali au Kiborana, kupewa muda wa kushauriana na mumewe na wazee wake, kukataa, na hata akishakubali, kujitoa siku yoyote bila mtoto kunyimwa matibabu ya kawaida.