Viumbe wa Sakafu ya Ziwa Mweru: Mahusiano Yao na Afya ya Wakazi wa Ufuo wa Nchelenge

Makala haya yanaeleza namna viumbe waishio kwenye sakafu ya Ziwa Mweru wanavyotegemeana, na kwa nini mahusiano hayo yazingatiwe katika sera za uvuvi na afya. Ziwa hili hupokea maji ya mito Luapula na Kalungwishi, na kuyatoa kaskazini kupitia Mto Luvua. Kwa kuwa kina chake ni kifupi, upepo hutibua tope na kurudisha rutuba ya chini katika tabaka za juu.

Msingi wa jamii hii ni mabaki ya mimea na wanyama yanayotuama. Bakteria na kuvu huyaozesha, lava wa wadudu na minyoo huyala, kome huchuja chembe zinazoelea, na konokono hukwangua mwani mawenini na majanini. Samaki nao hugawana riziki. Samaki wa familia ya mormiridi, wanaotumia umeme hafifu kutafuta mawindo gizani, huchokoa lava topeni, ilhali Sargochromis mellandi huponda konokono kwa meno ya koo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba nasaba za sikilidi za Bangweulu na za Kongo zilichanganyika Mweru, kisha zikachipua spishi nyingi zenye maumbo na vyakula tofauti.

Uhusiano wa konokono na mlaji wake ndio unaomgusa binadamu moja kwa moja. Konokono wa jenasi Biomphalaria na Bulinus hubeba vimelea vya kichocho, ugonjwa unaowasumbua wakazi wa Nchelenge. Katika Ziwa Malawi, kupungua kwa samaki walao konokono tangu miaka ya 1980, kutokana na uvuvi uliokithiri, kumehusishwa na ongezeko la kichocho. Mazingira ya Mweru ni tofauti, ila hoja hiyo inastahili kupimwa huku pia.

Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi iwapo nyavu za kukokota zitakwaruza sakafu miezi inayobaki. Tunapendekeza sehemu za mwambao ambako watu huoga na kuchota maji, kuanzia Kashikishi hadi Puta, zilindwe mwaka mzima, na wataalamu wa uvuvi na wa afya wahesabu kwa pamoja konokono na walaji wao. Wavuvi washirikishwe tangu mwanzo, kwani ndio watakaobeba gharama ya kwanza. Na Kongo ihusishwe, maana samaki hawajui mpaka.