Hadithi za picha katika kulinda usikivu wa mkulima

Katika Kata ya Mapera, wilayani Mbinga, kama kwingineko Umatengo, kazi nyingi za shamba bado hufanywa kwa jembe. Hata hivyo kelele hazikosekani: mashine za kusaga mahindi, injini za mitambo ya kumenya kahawa na misumeno ya injini. Anayezikaribia saa nyingi kila siku yumo hatarini kupoteza usikivu.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele ya desibeli 85 na zaidi, kwa saa 8 kila siku, huweza kuviharibu, navyo vikifa havioti tena. Kwa kuwa madhara haya hayaumi na huja polepole, wengi hudhani wameizoea mashine, kumbe masikio yanadhoofika. Kipimo chepesi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa urefu wa mkono akusikie, kelele imezidi.

Hapo ndipo hadithi za picha zinapofaa, kwani huonyesha kwa dakika chache yanayochukua miaka kutokea. Nchini Marekani, vijitabu vya aina hii, viitwavyo fotonovela, hutumika kuwaelimisha kiafya wafanyakazi wa mashambani wanaozungumza Kihispania. Watanzania nao wamezoea hadithi za katuni tangu enzi za gazeti la Sani.

Mhudumu wa afya anaweza kuchora picha nne. Ya kwanza: baba anawasha mashine, masikio wazi. Ya pili: usiku masikio yanavuma, asubuhi yametulia, naye hajali. Ya tatu: miaka imepita, binti anaita, "Baba, karibu chakula," naye haitikii, na binti anadhani amekasirika. Ya nne: kijana wake ananawa mikono, anasokota kizibo cha sponji, anavuta sikio juu na nyuma, anakiingiza na kukishikilia mpaka kitanuke. Baada ya kila picha, wasikilizaji waulizwe, kwa Kiswahili au Kimatengo, wangefanya nini.

Pamba ya kawaida haitoshi. Mwenye sikio linalotoa usaha asitumie vizibo, bali aende kituo cha afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Aliyekwisha kupungukiwa usikivu naye avae: kinga huhifadhi uliobaki.