Mnasihi wa waraibu: mapenzi na dua, na elimu pia

Waislamu wengi wa pwani yetu wanakijua kisa hiki, kwani kimejirudia katika mitaa mingi. Kijana ametumbukia katika unga. Wazazi wamelia, wameuza vitu, wameficha aibu, na mwisho wameamua. Anafungiwa chumbani siku saba au kumi. Arosto inamshika, anatapika, anatetemeka, anapiga kelele usiku kucha, na mama yake yuko nje ya mlango na tasbihi mkononi. Siku ya kumi anatoka, anaoga, anakwenda kuswali Ijumaa pamoja na baba yake, na majirani wanakuja kutoa hongera. Wiki tatu baadaye anakutwa kwenye gofu, roho imekwishatoka. Watu wanasema alizidisha.

Ndugu msomaji, mara nyingi hakuzidisha. Alijidunga kipimo kile kile alichokizoea. Mwili wa mtumiaji wa heroini huizoea sumu hiyo kidogo kidogo, hata ukastahimili kiasi ambacho kingemuua mtu asiyeitumia. Akiiacha kwa siku au wiki chache, ustahimilivu ule hupungua upesi, na tamaa hubaki pale pale. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka chumbani, jela au katika nyumba ya kurekebisha waraibu ni za hatari kubwa mno. Mnasihi aliyesomea kazi yake hulijua jambo hili, na huwaambia kijana na wazazi wake mapema. Hujua pia kwamba mlevi wa pombe wa miaka mingi akikatizwa ghafla bila ya daktari anaweza kushikwa na degedege na kufa. Wazazi wale walikuwa na mapenzi na dua. Elimu hii hakuna aliyewapa.

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa Hadithi kwamba mtu anayejitia utabibu, naye hajulikani kwa elimu ya tiba, huwajibika kwa madhara anayoyasababisha. Mafakihi wameijengea Hadithi hii hukumu ya dhamana ya tabibu. Kwa maoni yangu, anayejitia kutibu uraibu yumo katika onyo hilo, hata kama nia yake ni njema.

Basi elimu yenyewe ikoje? Tuchukue mfano wa Marekani, ambako fani hii imepangwa vizuri. Chombo kinachothibitisha programu za unasihi huko, CACREP, kiliuingiza unasihi wa uraibu miongoni mwa fani zake katika viwango vya mwaka 2009. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili husoma masomo ya uniti 60. Kisha hufanya mazoezi ya awali ya saa 100, na saa 40 kati ya hizo hukaa ana kwa ana na wenye shida. Baada ya hapo hufanya mazoezi makubwa ya saa 600, na 240 kati yake ni za namna hiyo hiyo. Muda wote huo yuko chini ya msimamizi, ambaye husikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kumwonyesha alipokosea: hapa ulimkatiza, hapa ulimhukumu, hapa alitaja kifo nawe ukapita.

Kosa la kuhukumu ndilo linalotusumbua zaidi sisi tuliozoea kuwaidhi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliandika makala iliyoanzisha njia mpya ya kuzungumza na walevi, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu juu yake. Kiini chake ni hiki: ukibishana na mraibu, yeye huutetea uraibu wake, ukimsikiliza kwa utulivu na kumuuliza vizuri, huanza kuzitaja mwenyewe sababu za kuacha. Kwetu hili lisiwe geni. Katika Sahih Bukhari imo habari ya mtu aliyeletwa mara nyingi mbele ya Mtume (SAW) kwa kosa la ulevi. Sahaba mmoja akamlaani. Mtume (SAW) akamkataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini mlango wa rehema haukufungwa.

Wapo wanaoihofia saikolojia wakiiona ni elimu ya makafiri. Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliishughulikia hofu hiyo maisha yake yote. Alisomea Beirut na Uingereza, akaandika juu ya Uislamu na ulevi, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake kuhusu mashaka ya wanasaikolojia wa Kiislamu. Aliwakemea wenzake waliokuwa wakimeza kila nadharia ya Magharibi bila ya kuichuja, lakini yeye mwenyewe hakuacha kuisoma wala kutibu kwayo.

Hapa kwetu huduma zimekua kuliko wataalamu. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar nayo ikapata yake mwaka 2015. Katika nyumba nyingi za kurekebisha waraibu kazi inafanywa na vijana walioacha unga wenyewe, na Allah awalipe, kwani mraibu humwamini aliyepita njia yake. Hata hivyo kupona kwa mtu mmoja hakumfundishi namna ya kumtibu mwingine. Mwenye shahada ya kwanza inayofaa anaweza kuendelea na uzamili wa saikolojia tiba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa asiyefika huko, yapo mafunzo mafupi ya mtaala wa Mpango wa Colombo, yanayotolewa katika nchi kadhaa za Afrika.

Mzazi usishangae binti yako akiitaka kazi hii. Wanawake watumiaji wapo, nao hujificha kuliko wanaume. Mwanamke mwenye haya hatakaa faraghani na mwanamume kumweleza alivyopata fedha za unga.

Kuna jambo moja litakalowachoma wazazi. Mnasihi aliyefunzwa hatakwambia kila alichoambiwa na mwanao. Siri ile ni amana, na huifungua tu maisha yanapokuwa hatarini au sheria inapomlazimisha. Ukimshika mkono mlangoni na kumuuliza, "Mwalimu, amesema nini leo?", atakujibu kwa adabu kwamba amekuja, na kwamba wiki ijayo anatarajiwa tena. Usimkasirikie. Muulize badala yake alisomea wapi, nani anamsimamia, na kijana akiteleza usiku wa manane apigiwe simu nani.