Dawa ya Deni la Maji

Tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mji wa Zanzibar umeletewa maji ya chemchemi kwa mabomba. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya Unguja hutoka visimani, nayo huvutwa kwa pampu za umeme upitao chini ya bahari kutoka Bara. Umeme huo hununuliwa. Basi ankara inayocheleweshwa humrudia mwananchi mwenyewe kwa mfereji mkavu.

Tunawashauri wenye nyumba watenge fedha kidogo kidogo kila wiki. Mvuvi na atenge siku apatayo, asingoje mwisho wa mwezi. Nyumba yenye familia kadhaa na imteue mmoja wa kukusanya michango. Mita isomwe na wenyewe pia, na stakabadhi zihifadhiwe.

Lakini wajibu huu ni wa pande mbili. Mamlaka ya Maji, iliyoundwa kwa sheria ya 2006, haina budi kufikisha ankara mapema, kutoza kwa mita na si kwa makisio, na kuhakikisha maji yanatoka. Dawa ya deni ni kulipa; naye aliyelipa apewe haki yake.